Uzi, kijiti na kivuli: je, ni vastu iliyojenga mahekalu ya kale ya Kihindu?

SWALI: Mimi ni fundi mwashi wa Tanga. Mwaka huu nimemjengea nyumba mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, naye alinihamishia jiko mara mbili mpaka likakaa pembe ya kusini-mashariki, na chumba cha sala akataka kiwe kaskazini-mashariki. Nilipomuuliza sababu aliniambia kuwa hiyo ni vastu, elimu ya kale ya ujenzi, na kwamba ndiyo iliyotumika kujenga mahekalu makubwa ya India, Angkor Wat na hata Taj Mahal. Naomba kuelimishwa: kanuni hizo ni zipi hasa, na je, ni kweli majengo hayo yalijengwa kwa kuzifuata?

JIBU: Ndugu fundi, ahsante kwa swali lako. Mteja wako amefunga katika furushi moja mambo ambayo ni bora tuyafungue moja moja. Kanuni anazozitaja zipo kweli, zimeandikwa katika vitabu vya Kisanskriti na vya lugha nyingine za India, na mahekalu ya Kihindu ya India yamekulia ndani yake. Angkor Wat ya Kamboja ilichukua mzizi wake huko, kisha ikaota kwa namna ya Wakhmer wenyewe, watu wa nchi hiyo. Taj Mahal ni ya ukoo mwingine kabisa, ingawa mikono iliyoijenga ilikuwa na ujuzi ambao kwa sehemu ulirithiwa kutoka kwa wajenzi wa mahekalu. Ila kuna jambo moja ambalo wasimulizi wa vastu wa siku hizi hulipita, nalo ndilo nitakalolirudia katika jibu hili: kanuni hizo zilifanya kazi kama sarufi inavyofanya kazi katika lugha. Zilimpa fundi mpaka wa kusema, hazikumwandikia hotuba. Kwa miaka yote niliyosoma vipimo vya mahekalu hayo sijakutana na jengo kubwa lililofuata kitabu kimoja tangu msingi hadi kilele, na mara nyingi ni pale kanuni ilipopindishwa ndipo tunapomwona mjenzi akifikiri.

Nianze na vitabu vyenyewe. Neno vastu linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kukaa, kwa hiyo vastu shastra ni elimu ya makao, yawe ya watu au ya miungu. Mojawapo ya maandishi ya zamani yanayotupa kanuni hizo kwa uwazi ni Brihat Samhita ya Varahamihira, mnajimu wa karne ya 6 aliyehusishwa na mji wa Ujjain, ambaye alizungumzia ujenzi katika sura chache tu katikati ya mambo ya mvua, vito, wanyama na nyota. Baadaye kusini mwa India kukatokea Mayamata na Manasara, na katika karne ya 11 ikaandikwa Samarangana Sutradhara, inayonasibishwa na mfalme Bhoja wa Dhar. Angalia neno hilo la mwisho, kwa sababu linakuhusu: sutradhara maana yake ni mshika uzi. Vitabu vya kusini vinataja mafundi wa daraja nne, yaani sthapati ambaye ni mjenzi mkuu, sutragrahin ambaye hushika uzi wa vipimo, vardhaki anayeunganisha sehemu, na takshaka anayekata na kuchonga. Hakuna mwashi wa Tanga asiyemjua huyo wa pili, kwani jengo likipinda ni yeye anayelaumiwa.

Kazi ya mshika uzi ilianza kabla ya kuchimba msingi, kwa kutafuta mashariki. Katika uwanja uliosawazishwa kwa maji fundi alisimika kijiti kilichonyooka, kiitwacho shanku, kisha kwa uzi akachora duara lililokizunguka. Asubuhi kivuli cha kijiti huwa kirefu na ncha yake hulala nje ya duara. Jua linapopanda kivuli hufupika, na ncha inapogusa mstari wa duara upande wa magharibi fundi hupigilia kigingi cha kwanza. Alasiri kivuli hurefuka tena kuelekea mashariki, na ncha inapogusa duara kwa mara ya pili hupigiliwa kigingi kingine. Uzi ukivutwa kutoka kigingi hiki hadi kile, huo ndio mstari wa mashariki na magharibi. Ili kupata kaskazini na kusini, fundi alichora pinde mbili kutoka kwenye vigingi hivyo, na pale zilipokatana likatokea umbo ambalo vitabu vinaliita samaki. Mstari unaopita kichwani na mkiani mwa samaki huyo ndio wa kaskazini na kusini. Vitabu vinajua hata kwamba jua husogea kidogo kati ya asubuhi na jioni, na vinaagiza marekebisho. Unaweza kulifanya zoezi hili kesho nyuma ya nyumba yako, na huhitaji kuamini chochote ili likupe jibu sahihi.

Baada ya mistari hiyo ndipo inapochorwa mandala, yaani mchoro mtakatifu wa mraba, na hapa imani na hesabu zinashikana mikono. Hadithi inasema kiumbe mkubwa asiye na umbo alitanda juu ya ardhi, miungu wakamkamata na kumlaza kifudifudi, kila mmoja akamkalia sehemu aliyomshikia ili asiinuke tena. Kiumbe huyo ni Vastu Purusha. Huchorwa amebanwa ndani ya mraba, kichwa kaskazini-mashariki, miguu kusini-magharibi, na miungu 45 wamegawana mwili wake. Mraba huo hukatwa visanduku. Varahamihira anaagiza visanduku 64, yaani nane kwa nane, kwa hekalu, na 81, yaani tisa kwa tisa, kwa makao ya watu. Katikati hukaa Brahma, mungu muumba, ambaye katika mraba wa 64 hupewa visanduku 4 na katika ule wa 81 hupewa 9. Pale mistari mikuu inapokatana huitwa marma, sehemu nyeti za mwili, na fundi anakatazwa kusimamisha nguzo au kupitisha ukuta juu yake. Mtu asiye Mhindu anaweza kuiacha hadithi akabaki na matokeo yake: kila jengo lina kitovu, kitovu hicho hakizibwi ovyo, na kila kipimo kingine huhesabiwa kutoka hapo.

Vipimo hivyo vilitoka mwilini, kama vyetu vya zamani. Kidogo kilikuwa angula, ambacho babu zetu wangekiita wanda, yaani upana wa kidole. Wanda 24 zikafanya hasta, ambayo ni dhiraa. Sasa tuchukue kanuni ya Varahamihira na kuifanyia kazi. Anasema urefu wa hekalu kwenda juu uwe mara mbili ya upana wake, chumba cha ndani kiwe nusu ya upana, upana wa mlango uwe robo ya chumba, na kimo cha mlango kiwe mara mbili ya upana wake. Tuseme umepewa hekalu la upana wa dhiraa 16, ambazo ni kama mita 7. Litapanda dhiraa 32. Chumba cha ndani kitakuwa dhiraa 8 kwa 8. Mlango utakuwa na upana wa dhiraa 2 na kimo cha dhiraa 4, karibu sentimita 90 kwa mita 1.8, mlango ambao wewe na mimi tungepita bila kuinama. Na kuta? Zimebaki dhiraa 8 za kugawana pande mbili, kwa hiyo kila ukuta una unene wa dhiraa 4, ambazo ni karibu mita 2.

Ukuta wa mita 2 kwa chumba cha mita 3 na nusu unaonekana ni upotevu wa mawe mpaka uangalie juu yake kuna nini. Mafundi wa mahekalu walijua tao, lakini kwa kawaida hawakulitumia. Walipandisha mnara kwa kulaza mawe, kila safu ikijitokeza ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, hadi pande nne zikakutana juu, bila chokaa ya kuyashika. Mnara wa aina hiyo husimama kwa uzito wake wenyewe, na uzito huo unahitaji ukuta mnene na chumba chembamba. Kwa hiyo chumba cha ndani cha hekalu, ambacho huitwa garbhagriha, nyumba ya tumbo la uzazi, ni kidogo na chenye giza kwa sababu mbili zinazokubaliana: dini ilitaka muumini atoke kwenye mwanga mkali wa ukumbi wa nguzo aingie mahali pa faragha penye mungu mmoja, na mawe nayo hayakuruhusu chumba kipana zaidi. Sijui kama dini ilitangulia au jiwe lilitangulia, na nina mashaka na yeyote anayejibu swali hilo haraka.

Kulikuwa pia na hesabu za masalio, ambazo wasomi wa Ulaya walizidharau kwa muda mrefu. Fundi alichukua kipimo, akakizidisha kwa namba fulani, akakigawa kwa nyingine, kisha akatazama kilichobaki: salio hili likaitwa pato, lile likaitwa hasara, na pato likapaswa kuizidi hasara. Likikataa, fundi aliongeza au kupunguza wanda chache hadi likubali. Hii inaeleza kwa nini mahekalu mengi ya kusini yana vipimo ambavyo ni karibu namba kamili lakini si kamili. Uzi ulikuwa sahihi. Ilikuwa ni fundi aliyesogeza kigingi kwa makusudi.

Sasa twende kwenye mawe. Hekalu la Brihadishvara la Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu, lilikamilishwa mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Mnara wake, ambao kusini huitwa vimana, una kitako cha mraba chenye pande za mita 30 hivi, nao umepanda mita 60 hivi, wote kwa granaiti, katika ghorofa 13 zinazopungua kuelekea juu. Uwiano wa moja kwa mbili unauona hapo bila kikokotoo. Ila ukiingia ndani unakuta jambo ambalo hesabu ya Varahamihira haikulitaja: ukuta wa chini haukujengwa mmoja mnene, ni kuta mbili zenye ujia katikati, na zinaungana juu zaidi. Mjenzi alipata uthabiti wa ukuta mnene bila kujaza mawe yote, na ule ujia akaupa kazi. Kwenye ujia wa chini kuna michoro ya rangi ya zama za Chola. Kwenye ule wa juu walianza kuchonga mikao 108 ya ngoma, mungu Shiva mwenyewe akiwa mchezaji, na wakafika 81. Mawe yaliyofuata yamekaa tayari kwenye ukuta, yamesawazishwa, hayana kitu. Kwangu mimi mawe hayo matupu yana thamani kuliko vitabu vingi, maana yanaonyesha kuwa mawe yaliwekwa kwanza na kuchongwa baadaye papo hapo, kuta zikiwa zimeshasimama.

Maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za hekalu hilo yanataja zawadi za mfalme, wacheza ngoma 400 waliopewa nyumba, na mjenzi wake, Kunjaramallan, kwa cheo cha perunthachan. Cheo hicho cha Kitamil kimebeba kumbukumbu ya seremala: ni fundi mkuu wa mbao kabla ya kuwa wa mawe. Hata umbo la mawe linakumbuka mbao, kwa kuwa ukiangalia kingo za paa utaona ncha za boriti ambazo hazina kazi yoyote katika jengo la granaiti.

Niseme na la pembeni, kwa kuwa bila shaka utakutana nalo mtandaoni. Husemwa kuwa kivuli cha mnara wa Thanjavur hakianguki chini, na kwamba jiwe la kileleni ni moja lenye tani 80 lililoburutwa kwenye njia ya udongo yenye urefu wa kilomita kadhaa. Kivuli kinaanguka, nimekaa ndani yake nikila embe. Na kilele hicho kimeunganishwa kwa vipande kadhaa. Kuvipandisha vipande hivyo mita 60 katika karne ya 11 ni kazi kubwa inayotosha kumpa mtu heshima bila kuongezewa chumvi.

Kanuni hiyo hiyo ya mraba ndani ya mraba ilizaa kitu tofauti kabisa miaka mia tano baadaye. Thanjavur kitovu ni kirefu na malango ni mafupi. Katika mahekalu ya Madurai na Srirangam, nayo ya Tamil Nadu, mambo yamegeuka: patakatifu ni padogo, pamefunikwa kwa dhahabu, na malango ya minara, yaani gopura, ndiyo yanayopanda juu, kila la nje likiwa refu kuliko la ndani. Srirangam ina kuta saba, moja ndani ya nyingine, na katika kuta za nje watu wanaishi, wanauza mboga na kuegesha pikipiki. Lango lake kubwa la kusini lilibaki kisiki kwa karne kadhaa, likamaliziwa mwaka 1987, likafika zaidi ya mita 70. Mjini Madurai mitaa inayozunguka hekalu la Meenakshi ni miraba inayopanuka, na imepewa majina ya miezi ya Kitamil, kwa sababu kila mwezi wenye maandamano una mtaa wake. Vitabu havikuagiza kitovu kiwe kirefu au kifupi. Hekalu lilipokua na kupokea umati mkubwa, lango likawa ndilo jengo ambalo kila mtu, hata yule ambaye siku hizo hakuruhusiwa kuingia ndani, aliweza kuliona.

Kaskazini nitapita haraka. Hekalu la Kandariya Mahadeva la Khajuraho, lililojengwa karibu mwaka 1030 chini ya ukoo wa Chandela, lina mnara uliojengwa kwa minara: vilele vidogo 84 vimepandana juu ya kimoja kikubwa, kila kimoja kikiwa mfano wa mama yake, mpaka jicho linaona mlima. Konark, hekalu la jua la mfalme Narasimhadeva wa Kwanza katika karne ya 13, lilijengwa kwa umbo la gari lenye magurudumu 24 linalovutwa na farasi saba, na mnara wake mkuu ulianguka. Ukumbi wa mbele uliosalia ulijazwa mchanga mwanzoni mwa karne ya 20 ili usianguke nao. Kanuni ilikuwa sahihi na jengo likashindwa, jambo ambalo wauzaji wa vastu huwa hawalitaji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote si hekalu, ni mji. Jaipur ilianzishwa tarehe 18 Novemba 1727 na mfalme Sawai Jai Singh wa Pili, ambaye alikuwa mwanahisabati na mpenzi wa nyota kiasi cha kujenga kituo cha kuangalia anga chenye kipima kivuli cha mawe kilichopanda mita 27. Msaidizi wake katika ramani alikuwa Vidyadhar Bhattacharya. Mji ulipangwa kwa visanduku tisa, tatu kwa tatu, kasri likiwa katikati, na barabara kuu zenye upana wa mita 30 na zaidi zikikatana kwa pembe mraba. Sasa chukua uzi uende uwanjani. Kisanduku cha kaskazini-magharibi hakikuwezekana, kwa sababu pale kuna kilima cha Nahargarh. Wajenzi hawakuvunja kilima na hawakuacha mji. Walikiacha kisanduku hicho, wakaongeza kingine upande wa kusini-mashariki, ndiyo maana ramani ya Jaipur inaonekana kama mraba uliohamishwa pembe moja. Zaidi ya hapo, mji mzima umezungushwa kama digrii 15 kutoka kwenye mashariki ya kweli. Wako wanaoeleza mzunguko huo kwa nyota ya mfalme. Mimi naona maelezo ya ardhi yanatosha: barabara kuu inayotoka Lango la Jua upande wa mashariki hadi Lango la Mwezi upande wa magharibi imelazwa juu ya mgongo wa mwinuko, na maji ya mvua yanateremka pande zote mbili. Mfalme aliyejua mahali hasa pa mashariki kuliko mtu yeyote wa zama zake alikubali kuikosa kwa digrii 15 ili mji wake usituame maji. Rangi ya waridi inayoufanya maarufu, kwa taarifa yako, haina uhusiano na vastu. Mji ulipakwa mwaka 1876 kumpokea mwana wa malkia wa Uingereza.

Angkor Wat, nchini Kamboja, ilijengwa na mfalme Suryavarman wa Pili katika karne ya 12 kwa ajili ya mungu Vishnu. Mafundi wake walikuwa Wakhmer, na kufika wakati huo walikuwa wameshajenga mahekalu ya mlima kwa vizazi vingi, kwa hiyo si sahihi kusema Wahindi waliijenga. Walichochukua ni wazo: minara mitano ni vilele vya Meru, mlima wa hadithi za Kihindu ulio katikati ya ulimwengu, na handaki la maji lenye upana wa mita 190 hivi linaloizunguka ni bahari. Mnara wa kati unapanda mita 65 kutoka ardhini. Na hapa wakavunja ada kubwa kuliko zote: hekalu linatazama magharibi, wakati mahekalu mengi ya Kihindu yanatazama mashariki. Wengine wanasema ni kwa sababu magharibi ni upande wa Vishnu, wengine kwa sababu lilikusudiwa pia kuwa kaburi la mfalme, na wanaonyesha kwamba michongo ya kwenye kumbi husomwa kwa kuzunguka mkono wa kushoto, kama katika ibada za maziko. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lenye hakika ni kwamba siku usiku na mchana vinapolingana, mtu aliyesimama kwenye njia ya magharibi huona jua likichomoza juu ya mnara wa kati, kwa hiyo waliolielekeza magharibi waliijua mashariki vizuri sana.

Mwaka 1976 watafiti watatu walichapisha hoja kwamba urefu wa njia na kuta za Angkor Wat, ukipimwa kwa dhiraa, unatoa namba za zama nne za Kihindu, yaani 1,728, 1,296, 864 na 432, ambazo zikizidishwa kwa elfu ndizo idadi ya miaka ya kila zama. Hoja hiyo inavutia, na ndiyo iliyozaa nusu ya video ambazo mteja wako pengine amezitazama. Tahadhari yangu ni ya kifundi: dhiraa waliyoitumia, ya sentimita 43.5 hivi, haikutoka kwenye fimbo ya kipimo iliyofukuliwa ardhini, ilipatikana kwa kupima jengo lenyewe. Ukiruhusiwa kuchagua urefu wa futi yako, na pia kuchagua mahali pa kuanzia kupima, hata kibanda chako cha kuhifadhia saruji kitakupa namba takatifu.

Taj Mahal ilianza kujengwa mwaka 1632 kwa amri ya Shah Jahan, kaburi la mkewe Mumtaz Mahal, na ramani yake imetoka kwenye mapokeo ya Kiajemi na ya Asia ya Kati: jengo la vyumba vinane kuzunguka ukumbi mmoja, mpango ambao jina lake lina maana ya pepo nane za akhera. Kuna dai la kuwa lilikuwa hekalu la Shiva; Mahakama Kuu Kabisa ya India ilitupilia mbali ombi la namna hiyo mwaka 2000. Lakini angalia juu ya kuba: chini ya kilele kuna petali za yungiyungi zilizogeuzwa, na kilele chenyewe kina umbo la chungu cha maji, kalasha, ambacho kimekaa juu ya mahekalu tangu zamani. Vibanda vidogo vya nguzo vinavyozunguka kuba vimetoka katika ujenzi wa Rajasthan na Gujarat. Mtaalamu Ebba Koch ameonyesha pia kwamba mpangilio wa marumaru nyeupe kwa jengo lenyewe na jiwe jekundu kwa yanayolizunguka unalingana na maandishi ya zamani ya Kihindu yaliyotoa jiwe jeupe kwa Brahmini, tabaka la makuhani, na jekundu kwa wapiganaji, na watawala wa Kimughal, yaani ukoo wa Shah Jahan, walijiweka katika rangi zote mbili. Babu yake Shah Jahan, Akbar, alikwenda mbali zaidi: katika mji wake wa Fatehpur Sikri, ulioanza mwaka 1571, kuna ukumbi wenye nguzo moja katikati iliyobeba kichwani mabano 36 ya mawe, kazi ya nguzo na boriti ambayo mchongaji wa hekalu la Gujarat angeitambua akiwa amefumba macho.

Wala msaada huo haukuwa wa siri. Katika maandishi ya Kisanskriti ya magharibi mwa India, yanayowekwa katika karne ya 15, mna sura nzima ya kumfundisha fundi wa Kihindu namna ya kujenga msikiti, na jengo hilo linaitwa Rahmana-prasada, hekalu la Rahmani, lisilo na sanamu. Fundi alipewa mteja mpya, akafungua kitabu chake cha zamani na kuongeza kurasa.

Mafundi hao bado wapo. Ukoo wa Sompura wa Gujarat ndio uliosanifu upya hekalu la Somnath, lililozinduliwa mwaka 1951, na kazi za mapokeo hayo zimefika hadi kwetu. Ukipata safari ya Nairobi, tembelea hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999, ambalo mawe yake ya manjano yalitoka Jaisalmer, yakachongwa India na kuunganishwa Nairobi kipande kwa kipande. Mombasa nako kuna hekalu la Wajaini la mwaka 1963, la dini nyingine lakini la mkono uleule wa ufundi. Nenda na futi yako, pima mlango, kisha linganisha upana na kimo.

Limebaki jiko. Pembe ya kusini-mashariki ni ya Agni, mungu wa moto, na kaskazini-mashariki ni ya Ishana, ndipo kilipo kichwa cha Purusha, kwa hiyo mteja wako hakubuni: katika mraba wa 81, ule wa makao, jiko na chumba cha sala huwekwa humo. Ila vitabu vinatofautiana katika mengi mengine, kama ngazi, tangi la maji na choo, ambacho vitabu vya kale havikukijua katika umbo la leo, na vijitabu vinavyouzwa siku hizi hujaza nafasi hizo kila kimoja kwa namna yake. Mteja wa namna hii akija tena, mwombe akuonyeshe anafuata kitabu kipi, mpitishe ramani nzima chumba kwa chumba, aisaini, na uyafanye hayo siku ya kupigilia vigingi, kabla hujamwaga zege la msingi. Sthapati wa mahekalu ya kusini naye alisogeza vigingi vyake wakati uzi bado uko chini.